Ng'ombe Mmoja, Nyumba Moja

Kuna kitufe kimoja cha kijani ambacho kingekuwa mtu, nikakutana nacho stendi, nisingekisalimia. Kimeandikwa "Endelea." Nimekaa nacho uso kwa uso katika ofisi ya ushirika wetu wa maziwa, hapa Babati mjini, tangu siku mwenyekiti alipoingia na kompyuta mpya akatutangazia kwamba mambo ya madaftari yamekwisha. Wajumbe walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa sababu mimi ndiye karani na mkono wangu ulikuwa umechoka kuandika.

Kazi yetu si ngumu kueleza. Asubuhi maziwa yanakuja kwa pikipiki na baiskeli kutoka Bonga, Sigino, Mutuka na kwingineko, tunayapima, tunayamimina kwenye tanki la kupozea. Kila ng'ombe wa mwanachama ana hereni sikioni yenye namba. Ushirika unatakiwa kujua ng'ombe huyo ni wa nani na analala wapi, ili akiugua mtaalamu wa mifugo apelekwe upesi, na ili mtu asije akauza ng'ombe wa mwenzake mnadani. Mambo hayo yote nilikuwa nayaandika kwa mkono, na hayakuwahi kumpotezea mtu hata mkia.

Mfumo mpya ulikuja na kitu kinachoitwa "Pakia kwa Mkupuo." Maana yake, badala ya kuingiza ng'ombe mmoja mmoja, unawaandika wote kwenye jedwali, halafu unalitumbukiza jedwali zima kwa mara moja. Kijana aliyekuja kutufundisha alisema ni kazi ya kunywa chai. Alionyesha na ng'ombe wa mfano, ng'ombe wake wa kutunga, wote wakaingia bila shida, akafunga begi lake akarudi mjini kwao. Ng'ombe wa kutunga hawana matatizo.

Wa kwetu walianza kukataliwa siku hiyohiyo. Nilipakia jedwali, duara likazunguka mpaka macho yakaniuma, kisha likaja neno moja jekundu: "Kosa." Kosa gani? Halisemi. Mstari upi? Halisemi. Una jedwali lenye ng'ombe wa wilaya nzima, na mashine inakuambia humo ndani kuna kosa, katafute. Ni kama mtu kukuita kutoka upande wa pili wa barabara, unakimbia unakwenda, ukifika anakutazama tu. Nikakata jedwali vipande viwili, nikapakia nusu, kosa. Nusu ya nusu, kosa. Nikaendelea kulikata hivyo mpaka nikampata mhalifu: ng'ombe mmoja wa Bonga ambaye baada ya namba yake ya hereni niligusa nafasi tupu kwa bahati mbaya. Nafasi tupu, kitu kisichoonekana kwa macho, ndicho kilichowazuia wenzake wote getini.

Nilipolisahihisha, ukurasa ukaniambia muda wangu umekwisha, niingie upya. Nilipoingia upya, jedwali halikuwepo. Nikatoka nje nikasimama kwenye ukuta unaotazama mlima, nikavuta pumzi, kwa sababu ndani kulikuwa na wateja na mdomo wangu mimi naujua.

Lakini hayo ni madogo. Ningekuwa nayaandika hayo tu, huu ungekuwa umbea wa karani mvivu. Kilichonifanya nikichukie kitu hiki kwa moyo wangu wote ni jambo la ng'ombe mwekundu wa Mutuka, na ili lieleweke lazima kwanza niseme jinsi watu wa huku tunavyofuga.

Sisi hatuweki ng'ombe wote zizi moja. Baba yangu alikuwa na ng'ombe, lakini ungeingia kwetu ungewaona wachache tu. Wengine walikuwa kwa rafiki zake kule Dareda, wengine kwa jirani, na katika zizi letu walilala ng'ombe wa watu wengine. Unampa mtu ng'ombe akufugie. Yeye anakunywa maziwa, anapata samadi ya shamba lake, na ndama anayezaliwa anabaki kuwa wako. Ugonjwa ukiingia kwako, haukumalizi. Majani yakikauka kwako, kwa mwenzako pengine bado yapo. Na zaidi ya yote, mkishafugiana ng'ombe mnakuwa watu. Mnatembeleana, mnalimiana, mnazikana. Hakuna karatasi. Kuna mashahidi na kuna kuaminiana, na mtu anayegeuka akasema ng'ombe wa kufugiwa ni wake, hata watoto wake wanapata shida ya kuolewa.

Kwa sababu hiyo daftari langu lilikuwa na sehemu mbili: mwenye ng'ombe, na anayemfuga. Jedwali la mfumo lilikuwa na mmiliki na makazi ya ng'ombe, basi. Nikaongeza sehemu ya tatu ya mfugaji, likakataa, "Safu isiyotambulika." Nikajaribu kuandika majina mawili kwenye chumba kimoja, likakata jina la pili katikati. Mwisho nikajisemea potelea mbali, nikaandika mmiliki kama anavyojulikana na makazi pale ng'ombe anapolala kweli. Ukweli mtupu, wala sikupunguza kitu.

Nikapakia. Safari hii duara lilizunguka, kisha likatokea dirisha dogo: "Migongano imepatikana. Mfumo unaweza kuitatua." Migongano gani, haikutajwa. Hapakuwa na mahali pa kubonyeza uione. Chini kulikuwa na vitufe viwili, kimoja "Tatua" na kingine "Endelea." Mtu yeyote mwenye akili timamu angeelewa kwamba "Endelea" maana yake ni acha mambo yalivyo, tusonge mbele. Nikabonyeza hicho. Baadaye sana nilikuja kujua kwamba vyote viwili vinafanya kazi ileile.

Skrini nzima ikawa ya kijani. "Hongera! Rekodi zote zimeingia." Halafu zikaja nyota tano na swali, umeridhika kiasi gani na huduma yetu? Dirisha la nyota halifungiki mpaka uchague, na nyota moja na mbili hazibonyezeki. Ya chini kabisa unayoruhusiwa kutoa ni tatu. Nikatoa tatu. Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, akanipiga begani akasema, "Si unaona? Ulikuwa unaogopa bure."

Ndani ya kijani hicho, mfumo ulikuwa umefanya unyang'anyi. Kila ulipoona ng'ombe ambaye mmiliki wake anakaa nyumba moja na yeye analala nyumba nyingine, ulihesabu kuwa ni kosa, ukalitatua kwa akili yake: ng'ombe akawa mali ya mwenye nyumba anayolala. Haukuuliza mtu. Ukatuma na meseji za pongezi.

Mzee wa Sigino alifika kesho yake asubuhi, simu ameishika mbele kwa vidole viwili. Ni mzee mrefu, kifua kinamsumbua tangu zamani, na kupanda ngazi zetu chache tu kulimfanya asimame kwanza mlangoni apate pumzi.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Mwanangu, nisomee hii. Miwani ninayo, lakini nataka nisikie kwa mtu mwingine."

Nikasoma. "Hongera! Umesajiliwa kuwa mmiliki halali wa ng'ombe," na namba ya hereni. Nikaijua namba ile kabla sijaimaliza. Ni ya ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe usoni, wa bibi mmoja mjane wa Mutuka. Mume wa bibi huyo ndiye aliyempelekea mzee ng'ombe wa kwanza, aliyemzaa mama wa huyu, wakiwa vijana wote wawili. Mume alikufa, ng'ombe wakazaana, urafiki ukabaki pale pale.

"Ni kosa la kompyuta, baba. Nitalirekebisha."

"Mimi siyo mwizi," akasema. Hakupaza sauti.

"Hakuna aliyesema hivyo."

"Hii imesema." Akaigusa simu. "Sasa sikiliza. Mimi kifua changu unakijua. Nikifa leo, watoto wangu watafungua simu hii. Watakuta imeandikwa mmiliki halali. Kijana wa siku hizi ataamini maneno ya bibi wa Mutuka, au ataamini simu ya baba yake? Watamnyang'anya, na watafikiri wanafanya haki. Na mimi nitakuwa nimelala huko chini, nimeshakuwa mwizi."

Hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi, na tangu asubuhi ile likawa langu pia. Ng'ombe wa kufugiana waliogeuzwa walikuwa wengi, lakini wengi wao walikuwa wa ndugu kwa ndugu. Walicheka, wakafuta meseji, wakaendelea na kulima. Mzee huyu hakuweza kucheka.

Tukampigia bibi simu, akaja kwa bodaboda, amejifunga kitenge chake cha safari. Nilitegemea ugomvi. Walisalimiana kwa muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu kusikiliza, habari za mbaazi, za majirani, za mguu wa bibi. Kisha bibi akaniambia, "Ng'ombe ni wangu, anakaa kwake. Ndiyo hivyo ilivyo. Andika."

"Na ndama atakayezaliwa?" mzee akamkumbusha, kwa sababu ng'ombe mwekundu alikuwa na mimba.

"Akiwa jike, nimempa yeye," bibi akanigeukia. "Amenifugia vya kutosha. Nataka awe na wake. Hilo nalo uandike."

Sasa jiulize ni mara ngapi katika ofisi za nchi hii watu wawili wanakuja pamoja, wanakubaliana kila kitu, hakuna anayemdai mwenzake, wanachotaka ni kuandikwa tu. Kazi rahisi kuliko zote. Na mashine ikawakatalia.

Kubadilisha mmiliki kulihitaji namba ya siri inayotumwa kwenye simu ya mmiliki wa sasa, yaani mzee. Namba ikaja. Mzee akatafuta miwani, akaivaa, akasoma tarakimu taratibu, na kabla hajamaliza ukurasa ukarudi mwanzo. Tukaomba nyingine. Ikaja, lakini ukurasa ulikuwa unaitaka ile ya kwanza. Tukaomba tena, mfumo ukasema tumeomba sana, tusubiri. Wakakaa kwenye benchi wanasubiri, wazee wawili, kama wamekuja kuomba msaada. Nilipofanikiwa mwishowe, jasho lilikuwa linanitoka. Meseji ya pongezi ikaenda kwa bibi, na kwa mzee ikaja ya kusema ng'ombe siyo wake tena. Mzee akashukuru mara nyingi, akaondoka akiwa mwepesi.

Wiki iliyofuata nilipakia jedwali la ndama wapya. Hapakuwa na ng'ombe mwekundu ndani yake. Hata hivyo likatokea lile dirisha, migongano imepatikana, na vitufe vyake viwili pacha. Hakuna kitufe cha "Hapana." Hakuna cha "Acha." Nikajaribu kuufunga ukurasa wote, nikazima na kompyuta yenyewe. Nilipoiwasha, kijani kilikuwa kinanisubiri. Hongera. Kila unapopakia kitu chochote, mfumo unapitia ng'ombe wote upya, na ng'ombe mwekundu alikuwa amesharudishwa kwa mzee, na meseji nyingine imeshakwenda.

Nikaipigia simu kampuni iliyotuuzia. Akapokea kijana mwenye sauti ya kushiba.

"Mambo vipi, dada?"

"Mambo siyo poa. Mfumo wenu unagawa ng'ombe za watu."

Nikamweleza yote. Akanisikiliza, nilisikia anatafuna kitu. Akasema, "Hilo siyo kosa, dada, ule ni ulinzi. Ng'ombe mmoja, nyumba moja, mmiliki mmoja. Sasa ng'ombe wa mtu atakaaje kwa mtu mwingine miaka yote?"

"Anakaa. Babu zetu walifuga hivyo na sisi tunafuga hivyo."

"Basi huyo aliyekaa naye ndiye mwenyewe," akasema, akacheka kidogo. "Au mwambie amrudishe."

Niliweka simu chini kwa sababu nilichotaka kumwambia kingenifukuzisha kazi. Nikamwendea mwenyekiti. Mwenyekiti akafungua kompyuta akaona kijani, akaniambia kijani ni kijani, na kwamba watu wazima tukizoea daftari tunaona kila kitu kipya kibaya. Mimi na yeye tumelingana umri. Kuhusu kurudi kwenye daftari, alisema daftari limeshapelekwa stoo, na mwanachama anayetaka hati yake aitafute kwenye mfumo.

Hapo ndipo nikafikia njia ya uongo. Kama mashine inataka ng'ombe na mwenye ng'ombe wawe nyumba moja, basi nitaandika kwamba ng'ombe mwekundu analala Mutuka. Makazi hayana namba ya siri, mtu yeyote anaweza kuyabadilisha, hilo hawakuliona kuwa linahitaji ulinzi. Maziwa tunapima kwa kadi ya anayeleta, kwa hiyo mzee asingepoteza kitu.

"Kwa hiyo tunadanganya," mzee akasema nilipomweleza.

"Tunaidanganya kompyuta, baba. Hatudanganyi mtu."

Alifikiri. "Na watoto wangu wakisoma simu?"

"Watakuta meseji ya mwisho inasema ng'ombe siyo wako."

"Basi andika."

Nikaandika. Nikamrudisha na umiliki kwa bibi, kwa namba ya siri ileile ya kusubiriana, nikapakia, kijani kikaja bila dirisha. Nikatoa nyota zangu tatu za lazima, na kwa mara ya kwanza nilitabasamu mbele ya skrini ile. Nilijiona nimeipatia.

Wakati wa kuzaa ulipofika, ng'ombe mwekundu alishikwa na uchungu mchana, jua likiwa kali. Mzee akaona miguu ya nyuma ya ndama inatangulia. Akafanya kama wanachama walivyofundishwa kwenye mkutano wa mfumo mpya: akapiga namba ya huduma, akaingiza namba ya hereni. Zamani angenipigia mimi, nami ningempigia mtaalamu, nikamwambia kimbia Sigino kwa mzee. Mfumo uliiondoa hatua hiyo ya kupitia kwangu, wakaiita kuokoa muda. Simu ya mtaalamu ikalia, ikamwonyesha ng'ombe na mahali alipo. Mutuka.

Akapanda pikipiki yake akaenda. Alimkuta bibi amekaa kwenye mkeka anapukuchua mahindi. Akamuuliza, ng'ombe anayezaa yuko wapi? Bibi aliniambia baadaye kwamba alielewa mara moja, mahindi yakamtoka mkononi. "Yuko Sigino," akamwambia. "Kimbia baba, yuko Sigino." Mtaalamu akageuza pikipiki, akakata mji wote, na Sigino siyo mlango wa pili.

Alipofika, mzee alikuwa amejilaza kwenye majani na mikono yake imejaa damu. Alikuwa amejaribu mwenyewe na kifua chake kile. Ng'ombe aliokolewa. Ndama alitoka amekufa. Alikuwa jike, mwekundu, na doa jeupe usoni kama mama yake.

Nilipata habari nikiwa ofisini. Nikafunga dirisha la maziwa kabla ya saa, mwenyekiti akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia msibani. Mzee nilimkuta amekaa nje ya zizi. Wameshamfukia ndama kando ya migomba. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na nilitamani aniambie, kwa sababu hasira niliyokuwa nayo ilikuwa inatafuta mwenzake. Hakuniambia kitu kibaya. Alinikaribisha chai.

"Nimefikiri," akasema tulipokwisha kunywa. "Yule kijana wa kwenye simu alisema mwambie amrudishe, siyo?"

"Usimsikilize yule, baba. Yule hajawahi kushika hata kamba ya ng'ombe."

"Lakini ndiye mwenye kompyuta. Tukiandika kweli, mimi ni mwizi. Tukiandika uongo, ng'ombe anakufa siku ya kuugua. Safari hii ni ndama. Siku nyingine ni mama yake, na hapo bibi atabaki na nini?" Akakohoa, akangoja kikohozi kipite. "Iliyobaki ni kumpeleka kweli."

Nilibishana naye. Nilimwambia bibi hana nguvu ya kukata majani, mguu wake mbovu, banda lenyewe ni la mbuzi. Nilimwambia nitaandika barua kwa wajumbe, nitagoma, nitamvuta mwenyekiti kwa shati mpaka alete daftari. Alinisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Siku alipompeleka nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu alipita ofisini. Alikuja kwa miguu barabarani, taratibu, ng'ombe mwekundu nyuma yake kwa kamba, malori yanawapigia honi. Alimfunga kwenye nguzo yetu ya umeme, akaingia, akasimama mlangoni mpaka pumzi iliporudi.

"Ninampeleka," akasema. "Nimekuja uone, ili ukiandika Mutuka uwe umeandika kweli."

"Yameshaandikwa, baba. Hakuna cha kubadilisha."

"Hata hivyo. Uone."

Nikatoka nje nikamwona. Ng'ombe alikuwa anatazama magari, kiwele chake kimejaa, maziwa ya ndama aliyekufa. Nikampigapiga shingoni. Mzee akamfungua wakaenda. Siku hiyo nilipakia jedwali la wiki na mfumo ukaniandikia, "Hakuna mgongano."

Mwenyekiti hulionyesha neno hilo kwa wageni. Ushirika jirani walikuja kujifunza, akawaketisha mbele ya skrini akawaambia sasa ng'ombe wote wa kufugiana wameshanyooka. Ni kweli wananyooka. Mmoja mmoja wanarudishwa, watu wanawafungua kamba kwa wenzao na kuwaswaga nyumbani, kwa sababu hakuna anayetaka kufa na meseji ya wizi kwenye simu. Yule kijana wa sauti ya kushiba pengine amepandishwa cheo.

Juzi bibi wa Mutuka alileta maziwa mwenyewe, kidumu kidogo, nusu ya yale ambayo ng'ombe yule alikuwa anatoa Sigino. Mikono yake ina mikwaruzo ya majani. Nilikuwa nimemaliza kupakia na zile nyota zilikuwa zimekaa kwenye skrini, siwezi kupima maziwa ya mtu mpaka nizibonyeze, lakini nikaziacha kwanza, nikamuuliza habari za mzee.

"Nasikia kifua kimembana tena," akasema. "Sijamwona tangu alipomleta."

"Kwa nini usiende kumwona, bibi?"

Akaweka kidumu juu ya meza, akafuta pembeni kwa kitenge palipomwagika.

"Zamani nilikuwa nikiamka asubuhi, navaa vizuri, nawaambia majirani nakwenda Sigino kumwangalia ng'ombe wangu. Nashinda huko. Na yeye akija kwangu anasema amekuja kunipa habari za ng'ombe, anakaa mpaka jua linapoa. Hakuna aliyetuuliza." Akanitazama. "Mimi ni mjane, mwanangu, na yeye mke wake alishakufa. Sasa nikienda, nitasema nimekwenda kuangalia nini?"

Nyuma yake foleni ilikuwa inaongezeka na kuna mtu alishaanza kugonga dumu lake sakafuni. Nikabonyeza nyota tatu, skrini ikanishukuru, nikachukua kidumu cha bibi nikakipima.